Shangazi Avuka Mpaka

Mpima macho alipotangaza kwamba anahamia nchi jirani kikazi na kwamba gari lake anaondoka nalo, kila mwenye akili timamu alimwambia auze. Jirani alimwambia auze. Fundi gari, ambaye kwa gari lile alikuwa amesomesha watoto, naye alimwambia auze, na huyo ndiye aliyekuwa na cha kupoteza kuliko wote. Mkewe hakuomba, aliamuru.

"Hospitali inatulipia ndege, halafu wewe unataka kwenda na huu mkweche?"

"Si mkweche," alisema mpima macho. "Ni Shangazi."

Gari liliitwa Shangazi kwa sababu halikuwahi kwenda popote bila kubembelezwa, na likishafika liliendelea kulalamika hata baada ya kuzimwa. Lakini ndilo lililompeleka mkewe kujifungua, ndilo lililomrudisha nyumbani na mtoto, na mpima macho aliapa kwamba hawezi kumwacha mtu wa familia eti kwa sababu anavuja mafuta. Mtu akishaanza kusema hivyo kuhusu gari, mwache tu.

Basi ikapangwa kwamba mke na mtoto mchanga watangulie kwa ndege, naye afuate na Shangazi. Ikabaki mama mkwe. Yeye ndiye aliyetakiwa kumlea mjukuu huko ugenini, na alikuwa amekula yamini kwamba hapandi kitu kisichogusa ardhi. Kwa hiyo angekwenda na gari. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana mama mkwe na mkwewe walikuwa hawaongei.

Chanzo kilikuwa koti. Siku moja mama mkwe alikwenda kliniki kimyakimya, bila kumwambia hata binti yake, akamnong'oneza mkwewe kwamba siku hizi vya mbali havioni vizuri. Siku chache kabla ya hapo aliingia nyumba ya watu akalisalimia koti lililotundikwa ukutani, tena akaliuliza habari za watoto. Mpima macho alimpima, akamtengenezea miwani nzuri, akamhakikishia kwamba siri ya mgonjwa ni siri. Kisha ikaja siku ndugu wamejaa sebuleni, watu wanachekeshana, kila mmoja anataka kumzidi mwenzake, na ulimi ukamponyoka. Alisimulia habari za koti. Akaigiza na sauti. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, isipokuwa mmoja. Mama mkwe alisimama, akachukua mkoba wake, akatangaza kwamba miwani ile ameitupa, na tangu siku hiyo hakumsemesha tena. Shikamoo yake aliitikia, kwa sababu malezi ni malezi, lakini marahaba aliielekeza ukutani.

"Nakaa wiki moja tu," alimwambia binti yake kabla hajaondoka. "Nyumba ya mtu anayecheka wagonjwa wake si ya kukaa."

Binti naye akamgeukia mumewe uwanja wa ndege, mtoto mgongoni, akasema bila kupepesa macho: "Mama akirudi, mimi na mtoto tunarudi naye. Siwezi kukaa ugenini peke yangu na kichanga, wewe unashinda hospitalini. Una safari nzima ya kutengeneza ulichokiharibu."

Mpima macho hakuwa na pa kukimbilia.

Mjini walitoka kimya. Mama mkwe alikaa kiti cha mbele kushoto, mkoba mapajani, akifuma kofia ya mjukuu. Kwa kawaida akitaka kumwambia mkwewe neno alimtuma mtu, lakini ndani ya gari hapakuwa na wa kutumwa. Joto lilipozidi, akaipigapiga dashibodi kama anayeamsha mtu.

"Shangazi," alisema, "mwambie dereva wako afungue kioo, watu tunaiva humu."

Mpima macho naye akaigeukia dashibodi. "Shangazi, mwambie mama kioo hicho kilikataa kushuka tangu mwaka jana."

"Shangazi, pole sana mwanamke mwenzangu, umeolewa vibaya."

Wakaenda hivyo mpaka mpakani.

Tusimdhulumu mpima macho: kwa safari hii alikuwa amejiandaa. Bima anayo, kibali cha kuingiza gari anacho, barua ya mwajiri inayo mihuri hadi pembeni. Matairi aliyakagua kwa mkono. Alijua pia kwamba ng'ambo ya pili watu huendesha kulia, akasema ni jambo la kuzoea tu. Kitu kimoja hakikumpitia kichwani, yeye ambaye kazi yake ni kuona: kwamba magari ya kule usukani wake uko kushoto, na wa Shangazi uko kulia.

Aliyeanza kumfahamisha ni ofisa wa forodha. Alikuja moja kwa moja dirisha la kushoto, akapiga saluti.

"Leseni yako, mama."

Mama mkwe alifungua mlango kidogo, maana kioo hakishuki, akainua uso kutoka kwenye ufumaji. "Leseni ya kufuma?"

"Ya kuendesha gari, mama."

"Mwanangu, mimi hata baiskeli huwa naisukuma."

Ofisa alichungulia usukani ulikojificha, akaomba radhi, akagonga mhuri, akainua kizuizi. Akampigia saluti mama mkwe tena, kwa mazoea. Mama mkwe aliipokea.

Mbele kidogo walisimamishwa na askari wa barabarani, kijasho kinamtoka. Alikuwa ameona, kwa macho yake mawili, gari likija kwa kasi na anayeliendesha ni mama wa makamo aliyeshika sindano mbili na uzi, wala hatazami mbele. Walipomwelewesha, hakuwaandikia kosa. Alikaa tu juu ya jiwe ili moyo utulie.

"Shangazi," alisema mama mkwe walipoondoka, "nchi hii wanatuheshimu."

Mambo yaliharibika mlimani. Barabara ilianza kupanda na kujipindapinda, na mbele yao likatokea lori la magodoro, limejaza kwenda juu na limevimba pembeni, linatambaa mwendo wa mtu anayetafuta sindano. Kwao, dereva angeegemea kidogo tu, aone mbele, apite. Hapa mpima macho alikuwa amekaa upande wa majani. Alipojinyoosha, aliona magodoro. Alipoinama, aliona matairi ya lori na kichaka. Ili aone anayekuja, ilimlazimu atoe nusu ya gari barabarani, na katika hiyo nusu ndimo alimokaa mama mkwe.

Walitambaa nyuma ya lori mpaka Shangazi akaanza kuchemka. Kazi ilikuwa inaanza kesho asubuhi, na kwa mwendo ule wangefika kesho jioni.

"Shangazi," alisema mpima macho kwa unyenyekevu, "muulize mama kama mbele kuna gari."

Mama mkwe alikaa wima. Tangu waondoke hakuwa ameombwa kitu chochote cha maana. Alifinya macho.

"Kuna basi linakuja. La bluu."

Wakasubiri basi.

"Bado linakuja," alisema.

Wakaendelea kusubiri. Kona ikaisha, nyingine ikaanza, na hatimaye wakalifikia. Lilikuwa duka, limepakwa rangi ya bluu, na muuza duka amekaa mlangoni akipunga upepo.

"Limesimama," alisema mama mkwe.

Mpima macho alijikaza asicheke, maana kicheko ndicho kilichomfikisha alipo. Walipopata kipande kirefu kilichonyooka, mama mkwe aliipiga dashibodi kwa kiganja. "Sasa njia nyeupe, Shangazi! Mwambie apite!"

Mpima macho akawasha indiketa, akatoka, akakanyaga mafuta. Mbele yao, mzima mzima, likaja lori la mafuta limewasha taa zote, honi inalia kama siku ya kiama. Mpima macho alirudi nyuma ya magodoro chupuchupu, akaingia majanini, akafunga breki. Mizigo yote ya nyuma ikaja mbele kuuliza kuna nini.

"Mama!" alipiga kelele. "Hukuliona lile?"

"Ningelionaje, wewe!" naye akapiga kelele. "Si wewe uliyewatangazia watu wote kwamba sioni?"

Kisha wote wawili wakatazamana, kwa sababu walikuwa wameongea.

Lori la magodoro lilipotelea kwenye kona. Mpima macho alibaki ameushika usukani. Akilini alimwona mkewe akipanda ndege ya kurudi na mtoto, akajiona yeye na Shangazi katika nyumba tupu. Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa kingine.

"Mama, nilikukosea," alisema. "Uliniambia kama mgonjwa, nami nikakufanya mzaha. Ile haikuwa yangu kusimulia. Nisamehe."

Mama mkwe alichukua sindano zake, akamaliza mstari aliokuwa ameuanza.

"Na sauti uliigiza," alisema mwishowe.

"Niliigiza."

"Wala haikuwa sauti yangu. Ilikuwa ya mbuzi."

"Ilikuwa ya mbuzi, mama."

"Unajua walinifanyaje baada ya pale? Kila nikiingia mahali, mtu ananipungia mkono usoni. 'Mama, unaniona?' Watu wazima na akili zao. Mpaka nikaacha kutoka." Akauvuta uzi kwa nguvu. "Miwani ningeivaa vipi tena? Ningekuwa nakubali kwamba mna haki ya kucheka."

Mpima macho alizima injini ili amsikilize vizuri.

Mama mkwe alifungua mkoba. Akatoa mpira wa uzi, akatoa soksi moja ya mtoto, na kutoka ndani ya soksi akatoa miwani. Vioo vilikuwa visafi, vinang'aa, vya mtu anayevifuta kila siku.

"Mama, si ulisema umeitupa?"

"Niliitupa. Niliitupa ndani ya mkoba."

Akaivaa. Akatazama barabara, akatazama mlima, kisha akageuka akamtazama mkwewe kwa muda.

"Umezeeka," alisema. "Haya, washa gari."

Lori la magodoro walilikuta halijafika mbali. Mama mkwe aliweka sindano chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akashika dashibodi kwa mikono miwili. "Tulia. Kuna pikipiki. Imepita. Kuna gari dogo jeupe, lina kitanda juu. Tulia, usiwe na pupa. Limepita. Sasa... sasa, mwanangu, pita!"

Mpima macho alipita. Hakuona kitu, aliamini tu, na njia kweli ilikuwa nyeupe. Mama mkwe alimpungia dereva wa magodoro kwa madaha yote.

Baada ya hapo hashikiki. Alikuwa ameonja utamu wa kupita na sasa alitaka wapite kila kitu. Walipita malori, wakapita matrekta, wakapita msafara wa harusi.

"Na yule pale, mpite."

"Mama, yule ameegesha."

"Hata kama. Mpite."

Walifika jua likiwa bado lipo. Nyumba waliyopewa na hospitali ilikuwa na geti la kijani na ua mdogo. Mlangoni alisimama mke wa mpima macho, mtoto kifuani, roho juu, anajaribu kusoma kwenye vioo vya gari kama ndani kuna vita au amani. Mpima macho alizima injini, na Shangazi akaendelea kulalamika.

Mama mkwe hakushuka. Aliisukuma miwani vizuri juu ya pua, akamwinamia mkwewe.

"Yule pale mlangoni," aliuliza polepole, "ni mwanangu, au ni koti?"

Mpima macho aliushika usukani, akakaza macho mbele, akauma midomo. Kwa koti lile alikuwa ameshalipa vya kutosha.

"Cheka," alisema mama mkwe. "Hii nimekupa mwenyewe."

Ndipo alipocheka, mama mkwe naye akacheka, wakacheka mpaka kofia ya mtoto ikaanguka chini, na mke akaja mbio akidhani kuna mtu ameumia.

Chai ilinywewa mezani, karibu na dirisha. Mtoto alikuwa kwenye mapaja ya bibi yake, amevaa kofia iliyomfika puani. Mke alizunguka zunguka na maneno, mwisho akayatoa.

"Mama, ile wiki yako... nikutafutie basi la lini?"

"Basi la nini?" aliuliza mama mkwe. "Huyu atakuwa anafikaje kazini? Hawezi kupita hata mkokoteni bila mimi."

"Na wiki ikiisha?"

"Kwani wiki ikiisha usukani utahama?"

Mke alifungua mdomo. Kutoka pale dirishani, ng'ambo tu ya barabara, lilionekana geti la hospitali, na juu yake bango lenye herufi kubwa za kumtosha hata mtu asiye na miwani. Mpima macho alimkanyaga mkewe chini ya meza, na mdomo ukafungwa.

Mama mkwe alinyanyua kichwa. Akalitazama lile bango, akalisoma taratibu mwanzo hadi mwisho, midomo ikimchezacheza. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Kazini kwako ni mbali, mwanangu?"

"Mbali sana, mama."

"Nilijua," alisema, akamweka mjukuu vizuri, akaomba aongezewe chai.