Hodi Tatu

Pale kazini, kwenye kampuni ya simu, walimwita Mstaarabu, na jina lilimpanda kichwani. Simu ikiwashwa, aliwaeleza wageni wa ofisi, haiingii mtandaoni kama ng'ombe zizini. Kwanza husikiliza mnara, kisha hupiga hodi, hodi isiyo na jina. Mnara ukisikia hujibu karibu, ndipo simu ijitaje. Isiposikika hurudia, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, hata mara kumi.

“Mara kumi!” alifoka wiki iliyopita, mnara ulipozidiwa na kelele. “Mtu mwenye adabu hupiga hodi tatu. Asipoitikiwa, huenda zake.” Akaingiza tatu kwenye mitambo, badala ya kumi. Wenzake wakacheka mpaka machozi. Kelele zikapungua kweli, bosi akamsifu. Sifa nazo ni kitu kibaya, jamani.

Asubuhi hii alikuwa ameweka simu yake mezani, mbele ya macho. Dada yake wa pekee alikuwa na mimba ya miezi tisa, kule machimbo ya mawe. Walikubaliana: uchungu ukianza apige, yeye atume gari. Simu ilikuwa kimya, naye akashukuru. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ila nani humkumbusha fundi aliyesifiwa?

Saa nne, kwenye kompyuta yake, zikaonekana hodi dhaifu, hafifu mno kujibiwa. Moja, mbili, tatu. Kimya. Baada ya muda, tatu tena.

“Mstaarabu, huyo mwanafunzi wako!” jirani yake wa meza akamtania. Wakacheka wote wawili.

Saa tano hodi zilikuwa bado zinakuja. Kwa udadisi tu, akapima upande na umbali zinakotoka: kilomita kumi na moja. Upande ule, kilomita kumi na moja, hakuna kitu ila machimbo na nyumba ya shemeji yake.

Akafuta tatu, akaandika kumi, vidole vikikosea vitufe. Akangoja. Dakika ishirini nzima, hakuna hodi.

“Piga, dada yangu, piga,” alisema kwa sauti, wala hakuona haya.

Ikaja. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ya sita mnara ukaitika, na simu ya mezani ikalia. Jina la dada.

Aliyesema alikuwa mama yao. “Tumepiga tangu alfajiri, baba.”

“Mama, gari linakuja sasa hivi!”

“Litume,” mama alisema taratibu; nyuma yake wanawake walikuwa wakimlilia dada. “Ila mwambie dereva hana haja ya kukimbia.”