Muntu ya Kuona mu Giza

Niko na habari, lakini naanzia ku dimanche, juu nikianzia ku mwisho mutaniuliza tu maswali.

Kila dimanche kisha misa tunakutanaka kwa Gauthier, ku Bel-Air, kwa kucheza jeu de rôle. Tuko bane. Gauthier njo meneur: anatuelezea fasi tuko, shiye tunasema bantu betu banafanya nini, dé tunatupa ku meza njo inaamua. Kila muntu iko na fiche yake: jina, nguvu, na gisi anaonaka mu giza. Wa miye na wa Sylvain beko bantu tu, mu giza habaonake kitu. Wa Abigaël iko nyctalope: anaona mpaka metre makumi mbili, ata bila mwezi.

Kwengine banaandikaka ile ku fiche, banasahau. Kwa Gauthier hapana. Kambo yake, baba ya baba yake, alitumikaka mu mine, chini ya udongo, na yeye hapendi giza ya kusema tu na kinywa. Mu jeu tukiingia mu galerie, njia ya chini ya udongo, anafunga rideaux ya madirisha, anabakisha paka bougie mbili tu za kuwaka pembeni ya tableau kwenye alichora plan. Benye habaonake banafungwa kitambaa ku macho. Nyctalope anasoma plan kutoka ku kiti yake, anatuongoza.

Basi miye na Sylvain tuko na bitambaa, tunangojea.

— Yaya Abigaël, tupite wapi? Sylvain anauliza.

— Ngoja.

— Nyoka iko nyuma yetu, weye unasema ngoja.

— Kuume. Kuume iko wazi.

Tukapita kuume. Gauthier akaseka.

— Kuume niliweka shimo. Mumekufa bawili. Abigaël, fiche yako inasema nyctalope, haisemi muchawi.

— Sikuona shimo.

— Muntu yako anaona.

— Yeye anaona. Miye sioni, Gauthier.

Nikatosha kitambaa ku macho. Lile shimo nililiona kutoka ku kiti yangu, kubwa kama sahani. Abigaël alisimama, akaenda mpaka pua yake karibu iguse tableau. Pale njo alisema: «Ah. Iko.»

Hakuna mwenye aliseka tena. Bote tunamujua oncle yake Lucien, ndugu ya mama yake. Kwake ilianza vile: mangaribi alikuwa anagonga biti bila kuziona. Leo banamushika mukono kumupeleka ku misa. Docteur alisema ile maladi inatembeaka mu famille.

Mu njia ya kurudia Abigaël aliniambia iko miezi tano anajua haoni muzuri. Ata mama yake hakumwambia.

— Juu ya nini ulichagula nyctalope?

— Syntiche, ata fasi moja tu nione muzuri.

Kesho yake, lundi, nilimukokota kwa docteur wa macho. Nasema nilimukokota, juu pa mulango alishika grille ya chuma na mikono mbili. Docteur, mama moja mufupi, alimutia matone, akaangalia ndani ya macho, jicho moja, ya pili, tena ya kwanza. Miye nilikuwa nahesabu carreaux, mawe ya chini ya nyumba. Nilipotea ku makumi ine.

— Ile ya oncle yako, weye hauna, alisema. Nyuma ya jicho iko safi. Weye uko na myopie, macho haione ya mbali, na mu giza myopie inazidi. Ku auditoire ya université unaikalaka wapi?

— Mbele, mama docteur. Kila siku.

— Basi njo ile. Utavaa lunettes, miwani ya kuona mbali.

Abigaël alimuuliza mara tatu kama ni kweli. Mama docteur alijibu mara tatu, ya mwisho pole pole kama anaongea na koko muzee.

Inje, pa ngazi, Abigaël alilia mpaka sentinelle wa mulango alileta kiti. Kisha akamwita mama yake ku telefone.

— Mama, banasema nivae lunettes.

Mama, mwenye hakujua kitu, akaanza kumugombeza: telefone usiku yote, kulala mu shuka na telefone, kichwa nguvu kama baba yako. Nilikuwa nasikia kila neno. Abigaël alikuwa anajibu tu «ndiyo, mama, ndiyo, mama», meno yote inje, na hakutaka ile kugombezwa ikwishe.