Nyama ya Matanga ya Chester

Jumatano asubuhi, siku tatu kabla ya kuanua matanga ya mumewe, Selina alikuwa na kila kitu isipokuwa nyama. Mablanketi ya kugawa yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari. Glavu za ngozi, jozi kumi na nne, zote amezitia shanga kwa mkono wake, zilikuwa kwenye sanduku. Samaki wakavu walikuwepo. Lakini karamu ya kutimiza mwaka bila nyama mpya ya musi, yule paa mkubwa wa nchi za baridi, si karamu. Marehemu hafungi safari na njaa, na asiyefunga safari hubaki akizungukazunguka nyumba aliyoizoea. Hilo Selina alilijua tangu utotoni kama alivyojua jina lake.

Ofisi ya wanyamapori ilikuwa imetoa kibali cha musi mmoja. Madume msimu huo hayafai. Yametoka kupigana na kupanda, yamekonda, na nyama yake inanuka hata uichemshe mara mbili. Alitakiwa jike, tena lisilo na ndama, lenye mafuta mgongoni. Bergman, mdogo wake marehemu, alikuwa ametoka siku tatu mfululizo akarudi mikono mitupu.

"Shemeji, theluji inalia mno," alijitetea. "Nikikanyaga hapa, wananisikia ng'ambo ya mto."

"Theluji haina kosa. Macho yako yana ukungu na hutaki kusema."

"Macho yangu yanaona shabaha vizuri sana."

"Shabaha, ndiyo. Nyayo huoni. Leo nakuja na wewe."

"Mungu wangu! Chester alinionya. Alisema huyu mwanamke akiingia porini, hata kukohoa huruhusiwi."

"Basi anza sasa hivi."

Waliiacha pikipiki ya theluji na sleji yake ya kuburuta mizigo ukingoni mwa ziwa lililoganda, wakaingia kwenye mierebi kwa miguu. Haikuchukua saa moja Selina akaona nyayo za jike, refu la miguu, linalotembea bila haraka. Alibonyeza kinyesi chake kwa kidole. Kilikuwa bado laini. Akamwonyesha shemejiye kwa kidevu tu.

Musi akitaka kulala hurudi nyuma kidogo, akajilaza pale ambapo upepo utamletea harufu ya yeyote anayefuata nyayo zake. Kwa hiyo mwindaji hazifuati. Huziacha, akazunguka nusu duara upande unakokwenda upepo, akaja kuzikuta mbele, akaziacha tena. Ndivyo walivyofanya. Selina alitangulia, Bergman nyuma akikanyaga palepale alipokanyaga yeye.

Katika nusu duara la pili alisikia kitu kikilia, ting, ting, mbali upande wa kulia. Kama glasi zinazogongana kabatini mtu anapopita. Alisimama. Bergman naye akasimama.

"Barafu kwenye matawi," alinong'ona Bergman.

Selina aliangalia matawi. Yalikuwa makavu. Lakini jike lilikuwa mbele, na mwanga wa mwisho wa Oktoba haumsubiri mtu. Akaendelea.

Nusu duara la tatu lilikwisha bila kuzikuta nyayo. Maana yake jike limelala ndani ya duara hilo. Walirudi kwa hatua za kunyata, wakilibana duara, hadi Selina alipoona sikio moja likicheza nyuma ya msonobari mdogo. Alimshika Bergman bega, akamgeuza taratibu kama mtu anavyogeuza kiti. Bunduki ililia mara moja. Jike lilisimama, likapiga hatua mbili, likakaa chini kama lililochoka.

"Ukungu, eh?" Bergman alicheka. "Sema tena kuhusu macho yangu!"

"Funga mdomo. Hajapoa bado."

Bergman aliona haya. Selina alipiga magoti kwenye theluji, akamshukuru Mungu, kisha akamshukuru jike mwenyewe kwa sauti ya chini. Lilikuwa na mafuta ya vidole viwili mgongoni. Machozi yalimtoka, si ya huzuni. Chester ataondoka ameshiba.

Walipasua tumbo pamoja. Moyo, ulimi na mafuta ya figo Selina alivitia kwenye mkoba wake wa mgongoni, kwa kuwa hivyo ndivyo vya supu ya wazee. Bergman akabaki kuchuna, yeye akarudi njia waliyojia ili aivute sleji kwa kamba.

Hakufika ziwani. Kwenye alama zake mwenyewe, ndani ya unyayo wake wa kushoto, palikuwa na unyayo mwingine. Ulikuwa mpana, wenye kucha ndefu mbele, na pembeni theluji ilikuwa imekwaruzwa na kitu kigumu kinachoning'inia.

Mwanamke hamtaji dubu kwa jina, na Selina hakumtaja hata moyoni. Yule mkubwa. Wakati huu wenzake wote wamekwisha kulala mashimoni. Asiyelala ni yule ambaye mwaka umemkatalia. Huingia mtoni kutafuta samaki, maji yakamgandia manyoya, akatembea amevaa barafu. Wazee walisema risasi humteleza. Selina alizifuata nyayo kidogo kwa macho. Zilikuwa zimepita nje ya nusu duara walilozunguka, upande unakokwenda upepo. Siku nzima wao walimzunguka musi, na yeye aliwazunguka wao.

Pikipiki ilikuwa karibu kuliko Bergman. Selina alisimama kwa muda wa kuvuta pumzi tatu. Kisha akarudi kwa Bergman.

Alimkuta ameinama, mikono imeloa damu hadi viwiko, bunduki ameiegemeza kwenye msonobari hatua kumi nyuma yake.

"Bergman. Simama polepole. Tuache nyama twende."

"Tuache nini? Shemeji, umepigwa na baridi? Hii ni nyama ya kaka yangu!"

Ting, ting. Mierebi ilifunguka nyuma ya bunduki.

Yule mkubwa alikuwa mrefu na mwembamba, mbavu zinahesabika, na kila alipopumua barafu ililia mwilini mwake. Alisimama kati yao na bunduki.

Selina alikumbuka alichofundishwa na bibi yake akiwa msichana, jambo ambalo hakuwahi kumuuliza mchungaji. Ukikutana naye uso kwa uso, fungua koti akuone kuwa wewe ni mwanamke. Mwite mume. Usimdanganye.

Vidole vyake vilikuwa vigumu, lakini vilifungua. Baridi ilimwingia kifuani.

"Mume wangu, ni mimi," alisema. Neno hilo hakuwa amelitamka kwa mwaka mzima. "Umekonda, mume wangu. Kula. Yote ni yako. Sisi tunakwenda."

Yule mkubwa alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kulala juu ya nyama, kidevu kwenye ubavu wa jike, bila kula. Walirudi kinyumenyume hadi mierebi ikawaficha. Bunduki, ile ya Chester, waliiacha.

Alfajiri ya pili Selina alitoka kuchukua kuni, akakuta nyayo. Zilikuwa zimekuja zimefuata alama ya sleji yao kutoka ziwani hadi nyumbani, zikasimama chini ya dirisha la ukumbi wa baridi, chumba cha mlangoni kisicho na moto, pale alipoutundika mkoba. Theluji ilikuwa imeyeyuka kidogo kwa kukaliwa. Kisha zilirudi njia ileile.

Bergman alikuja na pikipiki tatu na wanaume wawili wenye bunduki, wakarudi porini pamoja na Selina, mkoba mgongoni. Walikuwa na furaha walipofika: yule mkubwa hakuwepo, na jike lilikuwa limefukiwa kwa nyasi na theluji, halijaguswa hata kwa jino.

"Hajala!" Bergman alipiga makofi. "Mungu mkubwa! Pakieni haraka, haraka!"

"Msiguse," Selina alisema.

"Shemeji, tafadhali."

"Nilimwambia yote ni yake. Na wakati nasema, moyo ulikuwa mgongoni kwangu."

"Yeye ni mnyama! Hajui kuhesabu."

"Alikuja hadi dirishani, Bergman. Alikaa."

Wanaume wawili walitazamana, mmoja akashusha kamba aliyokuwa ameishika. Selina alivua mkoba. Alitoa moyo, ulimi na mafuta ya figo, akaviweka juu ya nyasi hizo kimoja kimoja, kama anayepanga meza.

"Na Jumamosi?" Sauti ya Bergman ilikatika. "Kaka yangu aondoke na nini?"

"Na samaki."

"Akikataa?"

Selina alifunga mkoba mtupu. Hapakuwa na upepo, lakini ndani ya mierebi, karibu, kitu kililia ting. Wanaume walirudi kwenye pikipiki zao bila kuambiwa, Bergman wa mwisho, akiifuta bunduki ya kaka yake theluji kwa mkono.

Selina alirudi kinyumenyume nyuma yao, hatua kwa hatua, akisali Baba Yetu kwa sauti ili asikike. Alipofika kwenye kuokolewa na yule mwovu aliuruka mstari huo, asije yule mkubwa akadhani anasemwa yeye.