Mahindi ya Ardis

Dada yangu Ardis alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulikufa ganzi na maneno yakampotea. Majira yote ya baridi alikaa jikoni karibu na dirisha, akitazama nje, akijibu kwa kichwa tu. Kisha siku moja theluji ikiyeyuka, kulungu jike mwenye sikio lililochanika alitoka kwenye miti ya mialoni, akasimama nyuma ya banda la ng'ombe. Ardis akasema, "Yule."

Lilikuwa neno lake la kwanza. Mumewe, Lyle, hakungoja la pili. Alikwenda ghalani, akarudi na ndoo ya mahindi, akayamwaga kwenye hori kuukuu la kulishia ndama.

Tangu hapo akawa anamwaga kila alasiri. Kulungu walizoea, wakaja na watoto wao, wakaingiza midomo pamoja. Ardis aliwapa majina ya shangazi zetu, kwa kuwa, alisema, wanakula kama wao kwenye karamu ya kanisa: kwa kusukumana, huku wakijifanya hawana njaa. Yule wa sikio alikuwa Hulda. Jina kwa jina, maneno ya dada yangu yakarudi.

Huku kwetu vilimani kila mtu anaujua ugonjwa wa kukonda unaowapata kulungu. Ukiua kulungu, kichwa unakipeleka kupimwa, unakiacha kwenye pipa lililo nyuma ya duka la jibini, na nyama inakaa kwenye friza mpaka jibu lije. Pipa hilo nalitunza mimi. Ninachokijua nimekisoma mwenyewe, au nimewauliza wanaokuja kuchukua vichwa. Ugonjwa huo unatoboa ubongo polepole na hauna dawa. Unapita kwenye mate na mkojo, na ukishaingia kwenye udongo unakaa miaka. Ndiyo maana kaunti ilikataza kuwalisha. Nilimwambia Lyle mapema. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kahawa, na kesho yake akamwaga mahindi.

Sikumlaumu. Nilikuwa nimemsikia dada yangu akicheka.

Wiki moja kabla ya msimu wa kuwinda, nilimkuta Lyle nyuma ya banda akiwa na ndoo tupu. Hulda alikuwa kwenye hori peke yake.

"Shemeji, umemwona?" nikamwuliza.

"Nimemwona. Amezeeka."

"Hajazeeka. Mbavu zote nje, mate yanamchuruzika, miguu ameitanua kama meza. Nimekuja wazi hivi mpaka hapa, na kofia ya wawindaji ya rangi ya chungwa, hata kichwa hajanyanyua."

Lyle akakung'uta ndoo ingawa haikuwa na kitu. "Umekuwa daktari lini, Verlyn? Juzi tu ulikuwa unafunga trekta kwa kamba."

"Na bado linakwenda."

Nusura acheke. Kisha akasema taratibu, "Nikiliondoa hori, Ardis atanyamaza tena. Wewe ulikuwa unakuja na kuondoka. Mimi niliishi na kile kimya."

"Wenzake wanakula palepale anapodondosha mate."

"Najua."

"Basi mwambie."

"Mwambie wewe. Ni dada yako."

"Ni mke wako."

Tukaenda pamoja. Mlangoni tulivua viatu polepole kuliko ilivyohitajika, kila mmoja akimpisha mwenzake aingie kwanza. Huku kwetu mwenye habari mbaya huanza na hali ya hewa, basi Lyle akaanza na hali ya hewa. Ilipokwisha akaingia kwenye bei ya maziwa.

"Lyle," Ardis akasema. "Kaa."

Akakaa.

"Hulda anaumwa."

Lyle akamtazama. "Umejua lini, mama?"

"Tangu... mahindi yakivunwa." Alikuwa akiyatafuta maneno moja moja. "Maisha yangu yote nimefuga ng'ombe. Unadhani kichwa chote kilikufa?"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unatoka na ndoo... unatembea kama kijana. Nikawa nasema, kesho. Nitamwambia kesho."

Lyle akanyoosha mkono, akaushika wa mkewe uliokuwa juu ya meza.

"Huo hausikii," Ardis akasema. "Shika huu."

Akaushika ule mwingine.

"Hulda usimwachie mwindaji mgeni," Ardis akamwambia. "Mpige risasi wewe. Na wewe, Verlyn, acha kulia kwenye kahawa yangu."

"Silii."

"Basi paa linavuja."

Jumamosi ya kufungua msimu, milio ya bunduki ilisikika vilima vyote. Ardis alikataa kuondolewa dirishani, nami nikasimama nyuma yake. Hulda alikuwa amesimama penye hori, kichwa chini. Lyle alimkaribia kuliko mwindaji yeyote anavyokaribia. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu ambacho hatukukisikia. Kisha akapiga mara moja. Dada yangu alifumba macho, akayafumbua.

Kichwa nilikipeleka mimi. Hori tuliliondoa, tukakwangua udongo tulioweza kuukwangua, uliobaki tukauzungushia waya. Jibu lilipokuja kwamba Hulda alikuwa na ugonjwa huo, hakuna aliyeshangaa. Kuhusu wenzake hatujui bado. Ugonjwa huu hauna haraka.

Alasiri moja baadaye nilikuwa pale kulungu wengine walipokuja. Walinusa waya, wakangoja kidogo, wakarudi mialoni, huyu huku na yule kule. Saa ile ya ndoo Lyle aliingia jikoni, akanawa mikono, akawa hajui aiweke wapi.

Ardis akakisogeza kiti cha pili kwa mguu, mpaka kikakaa karibu na chake. "Kaa," akasema. "Leo sema wewe. Mimi nimechoka kusema peke yangu."

Nilikuwa mlangoni nikivaa viatu. Lyle akakaa, akaanza na hali ya hewa. Dada yangu akamwacha aendelee.