Dawa Nne za Hofu ya Kipanga

Wenzake kazini walimwita Kipanga, kwa kuwa miaka kumi na tisa riziki yake ilikuwa juu. Aliendesha winchi ndefu ya ujenzi, na kibanda chake cha kioo kilikuwa mita hamsini kutoka ardhini. Chini alisimama shemeji yake, mdogo wa mkewe, akimwongoza kwa redio ya mkononi. "Inua, shemeji. Kushoto. Taratibu. Shusha." Nyuma ya jengo palikuwa na kona ambayo Kipanga hakuiona kabisa. Huko macho yake yalikuwa sauti ya shemeji, na sheria ya kona ile ilikuwa moja tu: sauti ikikatika, unasimama.

Siku moja upepo uliupiga mzigo wa nondo. Zilijizungusha zikapita juu ya kofia ya fundi mmoja, umbali wa kiganja tu. Hakuumia mtu. Fundi mwenyewe aliiomba redio akasema, "Kipanga, leo ulitaka kunichana nywele!" Chini watu wakaangua kicheko. Kule juu, mate yalikuwa yamemkauka Kipanga.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi aliigusa ngazi akaiachia mara mbili tatu kabla ya kupanda. Akifika juu vidole vilitetemeka, na moyo ulimwenda mbio kama wa mtu anayefukuzwa. Aliziona nondo zikidondoka hata zikiwa zimelala chini, zimefungwa. Hakumwambia mtu. Injinia wa ujenzi akijua atamteremsha, na akiteremshwa, atakuwa Kipanga wa wapi?

Aliyegundua ni binti yake, muuguzi, alipomwona akishika kikombe kwa mikono miwili.

"Baba, mikono imekuwaje?"

"Baridi."

"Baridi gani, na shati limekulowa mgongoni?"

Kesho yake binti akamletea kijitabu chembamba cha njia za mtu kujisaidia mwenyewe kupunguza wasiwasi. "Soma, baba. Lakini hizi ni za kukusaidia, si za kufichia. Isipopungua, twende kwa daktari." Hilo la daktari liliingia sikio hili likatokea lile.

Kipanga alikuwa mtu wa utaratibu. Alitenga daftari, akaamua kila njia aijaribu wiki moja na kuipa alama, kati ya kumi.

Ya kwanza ilikuwa kupumua kwa kuhesabu: vuta nne, zuia nne, toa nne. Aliifanya huku anapanda ngazi, kizunguzungu kikamshika katikati, akakumbatia chuma mpaka dunia ikatulia. Alama tatu.

Ya pili ilikuwa kuandika hofu zake robo saa kila jioni, kisha kufunga daftari. Mkewe akachungulia. "Unamwandikia nani barua, baba watoto? Nimjue mwenzangu mapema."

"Mambo ya saiti, mke wangu."

Lakini hofu iliyoandikwa ilimkodolea macho. Neno "kichwa" alilikuta mara kumi na moja katika ukurasa mmoja. Alama mbili.

Ya tatu ilimtaka ataje vitu vitano anavyoviona, ili akili irudi pale alipo. Alitazama chini kupitia kioo akaanza. Kofia ya njano. Kofia ya njano. Kofia nyekundu. Akaacha. Hiyo hakuipa hata alama moja.

Ya nne ilikuwa kukaza misuli: funga ngumi kwa nguvu zote, hesabu mpaka kumi, kisha achia kwa ghafla. Aliijaribu nyumbani kitini, na mabega yakamlegea kama mtu aliyetua gunia. Alama tisa! Kijitabu kilisema ifanyike mahali tulivu, mikono ikiwa mitupu. Kipanga aliona hayo ni maneno ya watu wenye nafasi.

Wiki ya tano, asubuhi ya jua kali, alipewa mzigo wa mbao kuupeleka nyuma ya jengo. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye mpini wa kuendeshea winchi, wa kushoto umeshika redio. Mzigo ulipoanza kupotea kwenye kona, hofu ikamrudia.

Akafunga ngumi ya kushoto kwa nguvu zote. Moja. Mbili. Tatu.

Kukawa kimya. Kimya kizuri ambacho hakukionja kwa wiki nyingi. Mzigo ukaendelea taratibu, naye akajisemea kuwa dawa imekubali. Saba. Nane. Tisa. Kumi. Akaachia.

"... simama! Simama! Kipanga, simama, kuna watu!"

Alivuta mpini, winchi nzima ikatikisika. Hapo akaelewa. Ngumi ile ilikuwa imebana kitufe cha kuongelea, na mmoja akikibana, wengine hawasikiki. Sauti ilikuwa imekatika naye hakusimama.

"Shemeji?"

Alikiachia kitufe, akakibana tena.

"Shemeji, nijibu."

Kwenye kona hakukuonekana kitu ila kamba za chuma zikiyumba. Alihesabu bila kutaka, akafika ishirini na sita.

"Tupo," sauti ikaja, ikihema. "Wawili walijitupa chini. Wazima. Rudisha kulia. Taratibu, nakuomba."

Alirudisha mzigo, akateremka. Injinia alikuwa ameshafika, anafoka. "Redio hizi! Nimesema zibadilishwe tangu lini? Kipanga, kanywe maji. Baada ya nusu saa utapanda."

Ndivyo tu. Uongo ulikuwa umeshatungwa na mwingine, kazi yake ilikuwa kunyamaza. Nusu saa, kisha ngazi, kisha kofia zile za njano.

"Redio ni nzima, injinia," alisema. "Niliibana mwenyewe."

Shemeji akageuka. "Uliibana? Ulikuwa unafanya nini?"

"Nakunja ngumi."

"Umpige nani huko juu?"

"Naogopa, shemeji. Tangu siku ya zile nondo. Kila siku."

"Wiki zote hizo nimesimama chini yako! Jumapili tunakula meza moja, unaniuliza habari za mpira! Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Na mimi ungeniambia niogope, ningesimama pembeni!"

Hakuna aliyecheka. Injinia alinyoosha mkono. "Ufunguo wa kibanda."

"Nitarudi juu?"

"Sijui. Daktari kwanza."

Kipanga alitoa ufunguo. Hatua thelathini mbele, wale wawili waliojitupa chini, wafungaji mizigo, walikuwa wamekaa juu ya matofali, wanajipangusa vumbi, mmoja kiwiko kinatoka damu. Walikuwa wanamtazama. Moyo ulimpiga kuliko siku zote za ngazi.

"Twende wote?" shemeji aliuliza, sauti imeshuka.

"Niache," alisema Kipanga, akaanza kutembea kuwaendea.