Orvane Kwenye Daraja

…zimebaki kurasa tatu, labda mbili na nusu, Jean-Berchmans alitangulia kuzisoma peke yake jana, akazihesabu kwa kidole saa sita mchana, jua lilipokuwa kali hata jicho lake la kushoto likakubali kuziona herufi chini ya kioo cha kukuzia, kurasa tatu tu na Kapiteni Orvane atafika kwenye daraja la Ismere na kuuawa, na atakayeisoma habari hiyo kwa sauti ni Bénédicte, mke wa mwanawe Bruno, huyu aliyekaa kwenye kibao karibu na mlango na kitabu kizito kama tofali juu ya magoti, ataisoma, kisha atainua macho amtazame baba mkwe wake, na uso wa Jean-Berchmans haujawahi kujua kudanganya, kwa hiyo lazima aseme sasa, kabla ya daraja, aseme Bénédicte, weka kitabu chini... "Farasi wakakataa kuingia mu maji," Bénédicte alisoma, akitafsiri Kifaransa kuwa Kiswahili palepale, kwani kwa Kifaransa, alisema, anajiona kama yuko mu examen ya shule, "Orvane akashuka, akaambia askari, leo tutavuka kwa miguu"... kwa miguu, ndiyo, ndivyo ilivyoandikwa, ukurasa wa 515, anatafsiri vizuri siku hizi, mwanzoni yeye mzee alimsahihisha kila mstari, na kitabu chenyewe ni cha Bruno, alikinunua Bujumbura kwa muuza vitabu vya mitumba, cha pili katika vitano, falme, majeshi, mapanga yenye majina yake, na yeye baba yake alimcheka, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, mwalimu wa jiografia kule Makobola, anasoma hadithi za watoto, na Bruno hakukasirika, alifungua tu ukurasa wa kwanza, akasema, Baba, mutazame kwanza ramani... ramani, kila mto una jina, kila mlima una jina, adui anatoka kaskazini na anabaki kaskazini, haamki asubuhi moja akiwa jirani yako, kila jeshi lina bendera moja na haliibadilishi baada ya miezi miwili, mtu akiapa mbele ya mashahidi kiapo kinamshika mpaka kufa, na akifa, hili ndilo lililomwingia Jean-Berchmans rohoni, mwita-majina anasimama langoni na kumwita marehemu mara tatu, jina lake, la baba yake, la kilima chake, na mjini hakuna anayegusa chakula mpaka orodha iishe, na yeye aliyekaa miaka arobaini katika ofisi ya état civil akiandika vizazi na vifo kwa wino mweusi alikionea aibu kicheko chake, kwani alielewa, amechelewa, kwamba Bruno hakupanda mlimani kwa wapiganaji kwa kupenda bunduki, alipanda akitafuta vita yenye ramani, na huko juu hakuna aliyemwonyesha ramani yoyote... "Bénédicte, eh!" Consolée wa nyumba ya pili alikuwa akipita na beseni la nguo kichwani, "hiyo kitabu haiishake? Tangu Pasaka mungali mu vita! Hata hii vita yetu itaisha mbele ya hiyo!" na Bénédicte akamjibu bila kuinua kichwa, "Kama ni vile, nisome mbio, Mama," na Consolée akacheka, akashika njia ya kuelekea mtoni, akiukwepa ukuta ambao maji ya Mulongwe yaliuachia mstari wa tope, na Jean-Berchmans akajaribu kucheka naye... tangu Pasaka, kweli, lakini simu ililia kabla ya Pasaka, Jumanne ya Wiki Takatifu, yeye peke yake ndani, sauti ya kijana na upepo mwingi nyuma yake, "Allô, ni baba ya Orvane?" na yeye akajibu, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo, umekosea namba," na kijana, "Muzee, musikie kwanza, Orvane alianguka, tulimuzika huku, tunatafuta familia tuwaonyeshe fasi ya kaburi," na yeye, Mungu amsamehe, alisema polepole na kwa ukamilifu, kama anavyosema na mtu aliyeleta karatasi isiyo na sahihi, "Kijana, watoto wangu niliwaandika kwa mkono wangu, mwenye jina hilo sina," akakata simu yeye mwenyewe, tena kwa fahari kidogo, akawaza kwamba siku hizi watu hawajui hata kubonyeza namba... na Jumatatu ya Pasaka Bénédicte alileta kitabu, akasema, Baba, nitawasomea, macho yenu yapumzike, na kapiteni alipotokea tu, ukurasa wa tatu, akaangua kicheko, "Baba, munajua kule juu Bruno wanamuita nani? Orvane! Alijichagulia mwenyewe, nilimuambia weye ni mutoto," na Jean-Berchmans akaomba maji, akayanywa, akapiga ile namba siku hiyo na kesho yake na wiki nzima, haipatikani, haipatikani, na fasi haijulikani, mlima wote ni mpana, na katika daftari Bruno, mwana wa Jean-Berchmans na Marie, bado yu hai kwa mwandiko wa baba yake, na huyo aliyezikwa hakuzaliwa popote... "Wakafika ku daraja," Bénédicte alisoma, sauti ikashuka kidogo, 517, sasa, sema sasa, amekuwa mjane tangu Kwaresima naye anapika, anafua, anasuka nywele kwa ajili ya mtu atakayerudi, sema, Bénédicte, weka kitabu chini... "mishale ikaanza kuanguka kama mvua, daraja likatetemeka, Orvane akasimama katikati, akageuka nyuma," na hapo ukurasa unaisha, anajua, neno la mwisho ni nyuma, na upande wa pili, mstari wa kwanza, mshale wa shingoni... akasikia kidole kikilowanishwa, akasikia karatasi, si moja, sikio lake bado linajua karatasi, zilikuwa mbili au tatu pamoja, kisha, "Orvane akavuka"... akavuka? "Akavuka, akafika ngambo, na askari yake bote bakavuka. Bakawasha moto. Bakapika bugali na ndagala"... ndagala, kwa ufalme gani, kitabu chote hakina hata ziwa, samaki hawa wanatoka hapa, mbele ya nyumba hii, na mtu mmoja tu aliwapenda hivyo mpaka kuwala kwa pilipili asubuhi kabla ya shule... kwa hiyo anajua, naye anajua, wale wa mlimani walipokatiwa simu hapa walitafuta namba nyingine, lini, labda Pentekoste, tangu Pentekoste hacheki tena jina hilo likitajwa, tangu Pentekoste hapeleki simu yake kuchajishwa kibandani kwa Fiston, na yeye mzee alidhani ni uchovu, mama huyu amekaa hapa kila alasiri akimlindia tumaini ambalo na yeye alikuwa akimlindia, kila mmoja akidhani liko kwa mwenzake, na haliko kwa mtu... miaka arobaini hakuacha kosa likae katika daftari, alilipiga mstari mwekundu, akaandika sahihi pembeni, na sasa kosa liko wazi mbele yake, linamngojea... "Baba, munalala?" "Hapana." "Niendelee?" na upepo wa ziwa uligeuza ukurasa kabla ya mkono wake, akaukamata, akaubana kwa kidole gumba, hakuinua macho, na Jean-Berchmans akayaelekeza macho yake yasiyoona vizuri mahali ilipotoka sauti, akauliza, "Bote bamevuka?" "Bote, Baba." "Na hizo ndagala," alisema, "walizitia pilipili?" na kwenye kibao Bénédicte akaunyoosha ukurasa kwa kiganja, kisha akasema, "Sana, Baba. Nyingi sana," akalowanisha kidole, akaendelea kusoma.