Roma au Kosi

Nawaambieni, wanaume wawili wazima walitoana damu kwa sababu ya jina la majani. Majani! Mume wangu na kaka yake walirithi bustani moja kwa baba yao, na saladi moja: ile ndefu, yenye majani magumu, ambayo lazima uifunge juu kwa kamba ikiwa shambani ili moyo wake uwe mweupe na mtamu. Kufunga huko kunataka vidole vyepesi, na kwa hilo mume wangu hakuwa na mpinzani.

Siku hiyo tulikuwa bandani tukipanga makasha ya sokoni. Mume wangu alishaandika "Roma" kwenye kila kasha, maana baba yao alikuwa akisema watu wa Ulaya waliipata kupitia Roma. Shemeji, aliyewahi kuwa baharia, akaja na rangi akafuta yote. Akasema meli yao ilitia nanga kisiwa cha Kosi, saladi ilitoka huko na jina lake ni hilo, na baba hakujua kitu.

Hapo kwenye "baba hakujua kitu" ndipo moto ulipowaka. Mume wangu alimzaba kofi mpaka kofia ikaruka. Shemeji akamkaba koo, wakaanguka juu ya makasha, ngumi, mateke, hadi kung'atana. Niliwamwagia ndoo nzima ya maji, nikaambulia kiwiko cha mdomo, jino likacheza. Nilikasirika, nilitaka kuwachinja wote wawili.

Kisu cha kuvunia kilikuwa mezani. Shemeji alikikamata, na mume wangu naye akakidaka upande wa makali. Shemeji akavuta, kidole gumba cha mume wangu kikadondoka kwenye saladi, damu ikatiririka ndani ya majani meupe.

"Kaka," mume wangu alisema, taratibu kabisa, "sasa nani atafunga?"

Kidonda kimepona, gumba ndiyo basi tena. Kwenye makasha hatuandiki kitu. Wateja wanasema tu, nipe ile ndefu. Kila asubuhi shemeji hupiga magoti kwenye matuta akifunga, na anafunga vibaya, mioyo inatoka ya kijani na michungu. Mume wangu husimama nyuma yake akifoka: kaza, legeza, siyo hivyo, mjinga wewe. Jana nilimkuta shemeji huko peke yake, analia huku mikono inafunga. Sikumhurumia. Nilimpa kamba nyingine.